Sanduku la kutenganisha: shajara ya klabu yetu ya sayansi, Usa River

Jumamosi, 1 Februari

Tumeanza leo. Wanafunzi 14, wengi wa kidato cha kwanza, mabenchi mawili chini ya mparachichi nyuma ya jengo la utawala.

Kazi yenyewe ni kutengeneza sanduku la mbao, la kubebwa na mtu mmoja, lenye kila kinachohitajika kufundishia njia za kutenganisha michanganyiko pale pasipo na maabara. Vifaa vitoke sokoni, kwa fundi bati na jikoni. Maelezo yawe kwa Kiswahili. Watoto hawa wamesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, Januari wakakabidhiwa kitabu cha kemia cha Kiingereza. Inaniuma kumwona mtoto aliyepepeta mchele tangu ana miaka sita anashindwa swali la kutenganisha kwa sababu maneno yake yamemkimbia.

Nimeweka mezani mchele wenye vijiwe, mahindi na maharage ya makande, mchanga wa mtoni, maji ya chumvi, maziwa ya asubuhi, maji ya tope na kalamu nyeusi ya wino. Sikuuliza "utavitenganishaje?" Nimeuliza "vilivyomo ndani vinatofautiana kwa kitu gani?" Dakika kumi za mwanzo walinyamaza. Kisha mmoja akasema mawe yanazama, makapi yanapeperuka. Mwingine akasema hindi ni kubwa kuliko ulezi. Tukaandika ubaoni: ukubwa, uzito, kuvutwa na sumaku, kumumunyika, kuchemka. Kila njia tutakayoijaribu itategemea mojawapo ya tofauti hizo. Ukiikosa tofauti, huna pa kushika.

Nimewaambia pia kwamba ungo una msamiati wake mwenyewe: kupeta, kupepeta, kupembua. Hili la mwisho limehamia maofisini, siku hizi mradi mkubwa haujengwi bila "upembuzi yakinifu". Neno limetoka jikoni kwa bibi zao. Nimetaka walijue hilo kabla ya jingine lolote.

Jumamosi, 8 Februari

Sumaku. Fundi redio wa sokoni Tengeru alinipa mbili alizozitoa kwenye spika zilizokufa, bure, akasema niwasalimie wanafunzi.

Tulizifunga kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuzipitisha kwenye mchanga. Mfuko ni lazima. Ukiupuuza utakaa nusu saa ukikwangua vumbi la chuma kwenye sumaku kwa ukucha. Ukiwepo, unaivuta sumaku nje na punje zinadondoka zenyewe kwenye karatasi.

Nilikuwa nimechanganya mchanga na unga wa chuma kutoka kwa fundi wa kuchomelea mageti. Sikufikiria kuujaribu kwanza mchanga mtupu. Kijana mmoja akaujaribu kabla yangu, na sumaku ikaja juu imeota ndevu nyeusi. Akadhani ameharibu jaribio. Kumbe hilo ndilo lililokuwa somo la siku: mchanga wetu umetokana na miamba ya volkano ya Mlima Meru, na miamba hiyo ina magnetaiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Ile mistari myeusi inayobaki pembezoni mwa barabara mvua ikishakata ni hiyo hiyo, maji yameshafanya sehemu ya kazi kwa kuacha nyuma punje nzito.

Kwa hiyo mchanga wa sandukuni lazima usafishwe kwa sumaku kwanza, la sivyo hesabu ya chuma haitalingana kamwe.

Jumamosi, 15 Februari, na 22 Februari

Naziandika siku hizi mbili pamoja kwa sababu jaribio ni moja na limetupa tabu.

Mchanganyiko: mchanga, unga wa chuma, chumvi ya mezani gramu 20.0 kwa mzani mdogo wa kidijitali. Kazi: rudisha gramu 20 za chumvi.

Mpangilio waliupata wenyewe. Sumaku kwanza, wakati kila kitu ni kikavu. Kisha maji, chumvi imumunyike. Kisha kuchuja: mchanga unabaki juu ya kitambaa kama masalia, maji ya chumvi yanapita kama mchujo. Kisha kuvukiza maji kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo.

Hapa nikasimama kidogo kwenye lugha. Tumezoea kusema barafu inayeyuka na chumvi inayeyuka, neno moja kwa mambo mawili. Barafu imegeuka kimiminika peke yake kwa joto. Chumvi haikugeuka kimiminika, imesambaa ndani ya maji hadi haionekani. Kiswahili kinalo neno la hilo la pili, kumumunyika. Nikauliza nani anajua kumumunya. Mikono yote juu: "Pipi, Mwalimu!" Pipi mdomoni haiyeyuki kwa joto la ulimi, inamumunyika kwenye mate. Tangu hapo sijasikia mtu akiyachanganya.

Kundi la kwanza lilipata gramu 17.3. La pili, wiki iliyofuata, 19.2. La tatu lilipata 20.7 na kushangilia.

Niliwaacha washangilie, halafu nikauliza gramu 0.7 za ziada zimetoka wapi. Kimya. Binti mmoja akachovya kidole, akasema chumvi ina ubichi. Tuliirudisha motoni robo saa, ikashuka hadi 19.6. Walikuwa wamepima maji pamoja na chumvi. Nimewaambia kwamba jibu linalozidi ulichoanza nacho ni la kutiliwa shaka kuliko linalopungua.

Na zile 2.7 za kundi la kwanza? Zilibaki kwenye mchanga wenyewe. Mchanga mbichi umebeba maji ya chumvi kila upande wa punje. Dawa yake ni kuuosha kwa maji kidogo kidogo mara mbili tatu kabla ya kuutupa, na maji ya kuoshea kuyaongeza kwenye mchujo. Ukimimina maji mengi kwa mkupuo mmoja unaongeza kazi ya moto bila faida kubwa. Kundi la pili liliosha, ndiyo maana likafika 19.2.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua za kwanza. Mto umekuja na rangi ya chai ya maziwa, nikachota ndoo nzima kwa furaha.

Chupa ya lita moja na nusu imekatwa kitako na kupinduliwa: pamba shingoni, juu yake mkaa uliopondwa, mchanga mwembamba, mchanga mnene, kokoto. Maji ya kwanza yalitoka meusi kuliko yalivyoingia. Mkaa haukuoshwa, kosa langu. Baada ya ndoo ya kuoshea, maji yalitoka na weupe wa mbali, kama yamedondoshewa tone la maziwa.

Weupe huo ni chembe za udongo wa mfinyanzi. Ni ndogo mno kwa mchanga kuzinasa, na hazitulii chini upesi kwa sababu zina chaji hasi zinazosukumana. Hapo nikatoa mbegu za mlonge. Tulimenya mbili, tukaziponda, tukakoroga unga wake kwenye lita mbili za maji ya tope, kwanza haraka dakika moja, kisha taratibu dakika tano. Protini ya mbegu ina chaji chanya, inazikusanya zile chembe kuwa mabonge. Baada ya saa moja na nusu mashapo yalikuwa chini na maji juu yake yametakata. Tukayamimina taratibu, tukayapitisha kwenye chupa. Maangavu kabisa.

Maji ya mlonge hayakai. Mabaki ya mbegu ni chakula cha bakteria, kesho yake hayafai. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya sandukuni.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nzito, nataka kuiandika vizuri.

Swali lililotangulia wiki zote mbili: "Sasa tunaweza kunywa?" Nilikataa bila kueleza, nikaahidi jibu. Leo nimeleta vyombo vya jikoni visivyogusa kemikali, maji yaliyochemshwa na chumvi ya mezani. Nimemumunyisha kijiko kimoja kwenye lita moja, tukayapitisha kwenye chupa mpya ya kuchujia, safi. Wakaonja kabla na baada. Wawili wamefunga, hawakuonja, wakapewa kazi ya kuandika majibu ya wenzao. Wote waliandikiwa neno lilelile: chumvi, chumvi, chumvi.

Chujio linatofautisha kwa ukubwa. Kilichomumunyika kimegawanyika hadi chembe ndogo kabisa zinazopita pamoja na maji, mchanga haujui kama zipo. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na yakawa yamebeba mzigo.

Ndipo binti mmoja aliponyoosha mkono. Anatoka kijiji cha Maji ya Chai. Huwa anacheka amefunika mdomo. Akauliza, akiangalia meza, "Mwalimu, kwa hiyo hicho chujio hakiwezi kutoa kile kinachofanya meno yawe hivi?"

Hapakuwa na aliyecheka. Nusu ya darasa wana meno ya kahawia au yenye madoa, na mimi pia ninayo.

Nimemjibu kwamba hapana, hakiwezi. Kinachochafua meno yetu ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano, inamumunyika kwenye maji yanayopita humo, na chemchemi nyingi za mteremko huu wa Meru zinayo kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kiasi kidogo huimarisha jino, kikizidi wakati jino la mtoto linajengwa ndani ya ufizi hulitia madoa yasiyofutika kwa mswaki. Kikizidi sana kwa miaka mingi hufika kwenye mifupa.

Akauliza tena: "Na tukiyachemsha?"

Nilijua jibu, sikupenda kulisema. Kuchemsha kunaua vijidudu na lazima kuendelee. Lakini floraidi haichemki pamoja na maji, inabaki sufuriani. Maji yakipungua kwa mvuke, kilichobaki kina floraidi nyingi zaidi kwa kila lita. Tuliyachemsha yale maji ya chumvi hadi nusu wakaonja tena. Hawakuhitaji maelezo mengine.

Jioni nimebadilisha mpango. Sanduku lilikuwa liishie kwenye kuchuja na kuvukiza. Sasa litakuwa na mtambo wa kukeneka.

Jumamosi, 22 Machi

Kukeneka ni kuyageuza maji kuwa mvuke, kisha kuukamata mvuke na kuupoza urudi kuwa maji mahali pengine. Kilichomumunyika kinabaki nyuma.

Birika la alumini, na bomba la shaba mita moja na nusu kutoka kwa fundi friji wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, shilingi 12,000. Alilikunja kwa kulizungushia chupa, kwanza akalijaza mchanga mkavu lisibonyee. Hila hiyo sikuijua. Bomba linapita ndani ya ndoo ya maji baridi na kutokea chini kwenye tundu alilolizibia.

Jaribio la kwanza: mvuke ulitoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Kwenye mfuniko, kwenye mdomo wa birika, kwenye kiungo. Nilijaribu gundi ya mabomba ikatoa harufu kali, nikazima moto. Maji ya kunusa gundi hayana maana.

Jumamosi, 29 Machi

Mama mpishi wa shule alisimama, akaangalia, akasema: "Mwalimu, kanda unga wa ngano." Nilimwambia ahsante dada. Donge gumu la unga limeviringishwa kwenye kiungo na kuzunguka mfuniko, joto likaukausha, mvuke haukupata pa kutokea. Tone la kwanza lilidondoka saa nne na dakika ishirini. Nimeona watoto wakitazama mpira wa miguu kwa utulivu mdogo kuliko huo.

Kipimajoto ndani ya mvuke kilisimama kwenye nyuzi 96, kikakataa kupanda. Wakasema kimeharibika, kitabu kinasema 100. Kitabu kinazungumzia usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu yake, hewa inayokandamiza maji ni pungufu, na kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Gawanya. Walipopata nne kwa hesabu yao wenyewe waliandika 96 kwa kujiamini.

Adhuhuri mwenyekiti wa kitongoji alikuja. Aliyepita njiani alikuwa amempelekea habari kwamba shuleni kuna mtambo wa gongo. Sikumlaumu yeyote, bomba la shaba lililojikunja ndani ya ndoo linafahamika. Nilimkaribisha, nikampa kiti, nikamwonyesha. Kanuni ni hiyo hiyo: pombe huchemka kwenye nyuzi 78 usawa wa bahari, mapema kuliko maji, kwa hiyo mvuke wa mwanzo huwa na pombe nyingi. Ndiyo maana nimeamua kutoiingiza kabisa kwenye jaribio lolote la kukeneka la sanduku hili, hata kwa kuonyesha. Gongo ni haramu kisheria, na nyumba zaidi ya moja hapa kijijini zinajua kwa nini. Mwenyekiti alikaa hadi mwisho. Akaomba kuonja yale maji. Akasema hayana ladha. Nikamwambia ndiyo hivyo yanavyotakiwa.

Lita moja iliingia, mililita 620 zikatoka, saa mbili na nusu. Sikukausha birika: chombo cha alumini kikikauka motoni kinaharibika, na masalia yakiungua yanaweza kurusha uchafu kwenye bomba.

Jumamosi, 5 Aprili

Jirani anayefuga samaki ametuazima kipima chumvi, kile kidogo kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji ya bomba la shule: 410. Yaliyokenekwa: 8. Yaliyobaki kwenye birika: 1,050. Hesabu inakubaliana, mzigo wa lita nzima umebaki kwenye mililita 380.

Nimewaonya kifaa hiki hakijui majina. Kinahesabu vilivyomumunyika vyote kwa jumla, chumvi, magadi, chokaa na floraidi, na namba ndogo kwenye maji yasiyokenekwa si ushahidi kwamba floraidi ni ndogo.

Furaha ilikuwa kubwa hadi yule binti alipouliza ndoo moja ya nyumbani itachukua gesi kiasi gani. Tulikaa chini. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260, mbali na joto la kuyafikisha kuchemka. Ndoo ya lita 20 inafika karibu megajuli 51. Kilo ya gesi ya kupikia hutoa kama 46 hadi 50, lakini nusu yake hivi hupotea pembeni ya sufuria. Kwa hiyo ndoo moja inameza zaidi ya kilo mbili za gesi. Mtungi wa kilo sita hauwezi kumaliza ndoo tatu.

Aliifunga kalamu yake. Mimi nikasema ukweli: mtambo huu unathibitisha jambo, hautoshi kunywesha familia.

Kuna wanaolifanyia kazi hili karibu nasi kabisa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto la mamia ya nyuzi kwa hewa kidogo, na madini yaliyomo hunasa floraidi juu ya uso wake. Mkaa wetu wa miti haufanyi hivyo, nimelisisitiza kwa sababu wawili walishaanza kupanga. Na Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, pale Tengeru, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio linalounganisha mchanga na vitu vya nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, linaloweza kutengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mtoto anapojua kwamba jambo linalomuumiza linashughulikiwa kilomita chache kutoka kwao, macho yanabadilika. Nimeandika barua ya kuomba ziara Ngurdoto.

Jumamosi, 12 Aprili

Mrututu, yaani salfeti ya shaba. Wakulima wa kahawa wa Meru wanaufahamu, ni dawa ya ukungu. Ni sumu: glavu, miwani, chombo ambacho hakitarudi jikoni.

Nilitaka waone kwamba kuvukiza hadi kukauka na kukuza fuwele ni mambo mawili. Ukikausha, kila kilichomumunyika kinabaki pamoja, kizuri na kibaya. Ukipoza mmumunyo wa moto ulioshiba, yaani usioweza kumumunyisha zaidi, kile kilicho kingi hujipanga kuwa fuwele, na uchafu mdogo hubaki kwenye maji.

Lakini njia hii haifai kwa kila kitu. Mililita 100 za maji ya kawaida humumunyisha gramu 36 za chumvi ya mezani. Yakichemka, 39 tu. Ukiyapoza utapata gramu tatu baada ya kazi yote hiyo. Mrututu ni 32 kwa maji ya kawaida na zaidi ya 100 kwa maji yanayochemka. Kwa hiyo chumvi tunaivukiza, mrututu tunaupoza. Tofauti tena, ila safari hii ni tofauti ya tabia mbele ya joto.

Gramu 40 za mrututu wenye udongo kwenye mililita 50 za maji ya moto, ukachujwa ungali moto, chupa ikafunikwa kwa taulo ipoe polepole. Jumatatu asubuhi tulitoa gramu 21 za fuwele, nyingine urefu wa kucha ya kidole gumba, buluu ambayo sijui niifananishe na nini. Chupa iliyopozwa haraka kwenye maji baridi ilitoa unga wa fuwele ndogo ndogo.

Jumamosi, 26 Aprili

Mambo matatu, kwa ufupi.

Wino: nukta ya kalamu nyeusi kwenye ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, ncha imechovywa majini chini ya nukta. Nyeusi ilipanda ikaachana kuwa buluu, waridi na manjano. Rangi inayoshikamana zaidi na karatasi inachelewa, inayopenda maji inatangulia. Majani ya mchicha yaliyopondwa kwa spiriti, mbali na moto, yalitoa kijani na manjano. Mrusi Mikhail Tsvet ndiye aliyeanza kutenganisha rangi za majani hivi, akieleza kazi yake mwaka 1903, ila yeye alitumia mrija uliojazwa unga wa chokaa. Jina la njia hii, kromatografia, maana yake ni kuandika kwa rangi.

Maziwa: baiskeli imepinduliwa, vichupa viwili vimefungwa kwenye spoki kwa kuelekezana, sentimita 25 kutoka katikati. Mizunguko minne kwa sekunde inatoa mvuto mara 16 ya ule wa dunia. Dakika 20 kwa zamu, sawa na kuyaacha mezani zaidi ya saa tano. Malai yalikaa juu, upande wa katikati ya gurudumu. Kichupa kimoja kilichomoka wiki ya majaribio kikapiga ukuta. Sasa kuna wavu, na hakuna anayesimama usawa wa gurudumu.

Kahawa: mzazi mmoja ameahidi buni mbivu za kutumbukiza majini, zilizo tupu au kuliwa na wadudu huelea, nzima huzama. Mavuno bado, tutasubiri Julai.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua imenyesha wiki nzima. Jumatano binti wa Maji ya Chai alikuja ofisini na chupa. Alikuwa ametega beseni uwanjani, katikati, mbali na paa na miti. Akaomba kipima chumvi. Namba: 11.

Akasema, "Mwalimu, jua limekeneka bure."

Nilikaa kimya kidogo. Miezi mitatu nimefundisha mvuke, kupozwa na tone, na mtambo mkubwa kuliko wote umekuwa ukitunyeshea mabegani. Maji yanapanda kutoka baharini na maziwani, chumvi na floraidi vinabaki huko, wingu linapoza, tone linashuka. Hakuna mtungi wa gesi.

Leo klabu nzima imepiga hesabu yake. Binti huyo ana mdogo wake wa miaka miwili. Madoa huingia jino likiwa bado linajengwa, hadi kama miaka minane, kwa hiyo huyo bado anaokolewa. Lita mbili kwa siku, kunywa na kupikia uji wake tu. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni siku 153, lita 306. Mapipa mawili ya lita 200. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la jikoni kwao ni mita 4 kwa 5, hivyo milimita 20 za mvua zinayajaza yote mawili, na mvua ya Ijumaa peke yake imeelekea huko.

Mchana tulikwenda kwao, watano na mimi. "Shikamoo babu." "Marahaba, karibuni." Babu yake aliangalia daftari lenye hesabu, akauliza maswali mawili ya maana: vumbi la bati litakwendaje, na mbu je? Vumbi: mvua ya mwanzo isiingie pipani, bomba la pembeni linaielekeza nje robo saa. Mbu: kitambaa kizito juu ya mdomo na mfuniko. Na maji yatachemshwa, kwa sababu ndege hutua juu ya paa.

Tumefunga mfereji wa bati mita tano kwa waya. Mteremko umepimwa kwa chupa ya maji iliyolazwa. Saa kumi na moja wingu lilikuwa limeshauficha mlima.